Mfaransa na Mtani Wetu

Yule Mfaransa mwandishi wa magazeti nilimpikia mimi, hapo Kivinje, mwaka vita vya maji vilipowaka milimani. Alipanga chumba cha juu kwa Mhindi mwenye duka. Mfaransa mwenyewe alikuwa mzee wa kukohoakohoa, Kiswahili alikipatia Unguja, na hakuchoka kuuliza: nani kalimishwa pamba, nani kachapwa, kwa kosa gani. Kwao alishafungwa kwa kumwandika waziri. "Bibi," aliniambia, "mtu asiadhibiwe kwa neno alilosema. Maisha yangu yote nimeandika hilo tu." Nikamcheka wazi wazi. Wazungu nao! Pamba imetumaliza, chakula hakuna, yeye kashikilia maneno.

Siku zile akafariki baba mkubwa wa mume wangu. Kaburini, mtani wetu, wa kabila tunalotaniana nalo tangu mababu, akafanya kazi ya mtani: akarukia ndani ya kaburi, akajinyoosha, hatoki mpaka apewe chake. Kilio kimepamba moto, akamnyooshea mume wangu kidole: "Mzikeni na huyu! Risasi haimwingii, keshakunywa maji!" Tukaangua kicheko, na mimi nikiwemo, machozi bado mashavuni. Njiani alisimama askari Mnubi wa Wajerumani, aliyewekwa kulinda mikusanyiko. Yeye hakucheka.

Asubuhi mume wangu akachukuliwa, mnyororo shingoni. Aliyesemwa kanywa maji alikuwa ananyongwa. Hilo hakuna aliyehitaji kunieleza.

Nilipanda kwa Mfaransa bila hodi. "Lile neno lako," nikamwambia, "leo likafanye kazi, ama sivyo mimi nakaa eda!" Nikamweleza utani ni nini, kwamba mtani haombi ruhusa wala hachukiwi. Alinirudisha nyuma mara kadhaa, nieleze upya, mpaka nikataka kumpiga. Kisha akavaa kofia. Mtani alikuwa ameshafika mlangoni mwenyewe, midomo imemkauka, akasema anakwenda nasi.

Bomani, Bwana Mkubwa alimsikiliza Mfaransa wakisemezana kwa Kijerumani, huku akitazama dirishani. Mwishowe akida akatufasiria: "Bwana anasema, kama ni desturi, basi ifanywe hapa. Huyu amtanie mfungwa, tuone."

Wakamleta mume wangu. Lahaula! Jicho moja limevimba limefumba, shati limegandana na damu. Mtani akamtazama, akafungua kinywa, kikatoka kilio. Mtu aliyekuwa hanyamazi hata akila! Nikamwambia, "Sema, we mwanaharamu, sema!" Akatikisa kichwa. Bwana Mkubwa akaanza kuinuka kitini.

Ndipo mume wangu akasema, sauti imekwaruza: "Mtazameni huyu. Msibani hulipwa ndipo anyamaze. Leo kanyamaza bure, kapata hasara."

Mtani akapenga kamasi. "Hasara yangu? Wewe hilo jicho umemkopesha nani?"

"Nimemkopesha mama yako, apate kuona alichokizaa."

"Alizaa mtu! Kwenu walizaa kichwa, mwili ukafuata baadaye."

Akida akacheka kwanza, akajiziba mdomo. Askari wakacheka. Mfaransa akawa anafasiri haraka haraka, huku naye akicheka na kukohoa. Bwana Mkubwa alingoja kicheko kiishe, akasema maneno machache, na mnyororo ukafunguliwa. Nikapiga kigelegele pale pale.

Hakuwa amemaliza. Mume wangu huru, akida akafasiri, lakini ulimi uliofanyia mzaha maji ya waasi upewe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mfaransa akasimama, uso umemwiva, akapiga meza ya watu. Bwana Mkubwa akamjibu kwa upole kabisa. Nilimuuliza kajibu nini. "Kaniambia niandike nipendavyo," akasema, akaketi. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilitamani kumzaba kofi, yeye na Bwana wake wote wawili.

Mtani akalazwa kifudifudi uani. Nilimvuta mume wangu mkono: twende, Mungu katurehemu, twende! Akajitoa mikononi mwangu. Akaenda kuchuchumaa kwenye kichwa cha mtani wake, karibu hata jasho la mwenye kiboko likimdondokea, akaanza kumtania. Kuhusu mkewe, shamba lake lenye nguruwe, miguu yake. Mtani alijibu. Akajibu tena, meno kayakaza. Kisha akawa hajibu, na mume wangu akaendelea kumtania peke yake mpaka wakamaliza.