Mkono wa Kulia wa Bibi

Mwaka ule hoteli za Diani zilipofungwa kwa sababu ya korona, nilirudi kwetu Msambweni na sanduku moja la nguo na jozi mbili za viatu vyeusi vya kazi ambavyo sikuwa tena na pa kuvivaa. Nilikuwa nimehudumia meza kwa miaka tisa. Nyumbani nilimkuta bibi yangu, mzaa mama, ameketi ukumbini juu ya mkeka, mkono wake wa kulia umelala mapajani kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie. Kiharusi kilikuwa kimempata wiki tatu kabla. Ulimi kilimwachia, mkono kikauchukua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunitazama au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kukaa."

"Basi nipe ule mkoba ulio juu ya kabati."

Ulikuwa mkoba wa ukili, mzee, umeshonwashonwa kwenye mishikio. Ndani mlikuwa na nyuzi za sufu, nyeupe ya maziwa na nyingine ya rangi ya bizari, kulabu ya chuma ya kufumia, na blanketi dogo lililofika thuluthi. Sikuhitaji kuuliza ni la nani. Dada yangu, aliyeolewa Gazi, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mara mbili kabla ya hapo mimba ziliharibika, na nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa likisemwa kwa sauti. Bibi mwenyewe hakulisema. Alisema tu, "Hili ni la mtu atakayekuja, inshallah."

"Na nani atalimaliza?"

Akanitazama juu hadi chini. "Wewe Mungu amekupa mikono mingapi?"

Kwetu hakuna ambaye angeniambia kwamba uzi na sindano ni mambo ya wanawake. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akishona kofia za viua, na wazee wa mtaa mzima walikwenda nazo msikitini. Lakini kofia ni kofia. Jirani yetu aliponiona nimekaa kibarazani na sufu mapajani alicheka hadi akashika ukuta, akauliza kama hotelini ndivyo walivyotufundisha. Nilicheka naye. Sikuwa na kazi nyingine ya kumwonyesha.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Mikono yangu ilizoea sinia zenye sahani kumi, basi uzi niliukaba. Vitanzi vilibana hata ncha ya kulabu ikakataa kuingia. Bibi alikuwa akinielekeza kwa maneno: ingiza, zungusha uzi, vuta, zungusha tena, vuta viwili. Nami nilivuta vitatu. Au nilisahau kuzungusha. Siku moja aliona nimekosea safu nzima, akaninyang'anya kazi kwa mkono wa kushoto na kutaka kunionyesha. Mkono wa kulia ukainuka kidogo, vidole vikakataa kukunjika, kulabu ikaanguka sakafuni. Akaiangalia pale ilipo. Kisha machozi yakamtoka, machozi ya hasira, na bibi yangu hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Nikainuka, nikaenda kisimani kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Niliporudi nikaketi karibu naye, paja kwa paja, nikamwambia, "Bibi, wewe shika uzi kwa mkono wako mzima. Mimi nitashika kulabu."

Kisha akapitisha uzi kwenye kidole chake cha shahada, akalishika blanketi kwa gumba na kidole cha kati, akaniletea. Nikaingiza kulabu. Uzi ulikuja wenyewe, laini, si wa kukaza wala wa kulegea. Alikuwa akiuachia kidogo kidogo kila nilipovuta. Tukafuma safu nzima hivyo, watu wawili mikono miwili, kuanzia alipomaliza chai mpaka adhana ya adhuhuri. Asubuhi ile ndiyo iliyonifundisha. Maneno ya wiki mbili yalikuwa hayajaniingia, lakini kile kidole chake kilichokuwa kikiuachia uzi nilikielewa mara moja.

Tuliendelea hivyo kwa siku kadhaa, halafu akaniacha niende peke yangu. Ndipo nikajiona fundi. Siku hiyo alikuwa ndani akiswali alasiri, uzi mweupe ukaniishia katikati ya safu. Nikauchukua uzi mwingine, nikafunga fundo, nikalikaza kwa meno, nikakata mikia yake karibu kabisa na fundo ili kuwe safi. Mpaka jua linatua nilikuwa nimebadilisha uzi mara tatu, mara zote kwa njia hiyo.

Asubuhi bibi alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya blanketi, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Kiganja kikasimama.

"Hiki nini?"

"Fundo, bibi. Uzi uliisha."

Kikaenda mbele, kikasimama tena. Kisha mara ya tatu.

"Mtoto mchanga umemwona wapi akilalia kokoto?"

Nikamjibu kwamba mafundo yenyewe ni madogo, yako upande wa chini, hakuna atakayeyaona. Hakubishana nami. Aliniambia nikalifue tu, maana limeshikwashikwa sana. Nikalifua kwenye beseni kwa sabuni ya unga, nikalikamua polepole, nikalianika. Kufika mchana blanketi lilikuwa na matundu matatu pale penye mafundo, na tundu moja lilipitisha ngumi yangu.

Nikamletea huku nimekasirika. "Ulijua litafumuka!"

"Nilijua. Wewe ndiye hukujua."

Tulifumua kazi yangu yote mpaka tukafika kwenye mkono wake yeye. Ule uzi uliofumuliwa ulikuwa umejikunjakunja kama nywele zilizosukuliwa. Hapo ndipo aliponifundisha kuunga. Kitanzi cha mwisho usikimalize: vikibaki viwili kwenye kulabu, uache uzi wa zamani, uvute wa mpya upite ndani ya vyote viwili. Mkia usiukate, uache urefu wa shibiri. Kisha mikia yote miwili uilaze juu ya safu na kuifumia ndani, ipotee humo humo. Itakayobaki uipitishe kwa sindano butu, uende nayo mbele, uruke kitanzi kimoja, urudi nayo nyuma. "Ukienda nayo njia moja tu itatoka," alisema. "Ikirudi, haitoki tena." Mpaka hivi leo, nimesharudi hotelini, saa ya mapumziko huwa nakaa nyuma ya jiko nikifumia watoto wa wenzangu, na nikifika hapo mikono hufanya yenyewe bila ya kuniuliza.

Mwezi wa saba wa mimba yake, dada yangu alikuja kumjulia hali bibi. Nilimpokea kwa furaha, nikamwonyesha kazi yangu, mistari ya maziwa na bizari, maungio hayaonekani. Alilitazama blanketi, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimkuta amesimama kwenye kamba ya nguo ameshika kanga iliyoanikwa.

"Mnafumia nini?" akaniambia. "Hata mara ile ya pili bibi alifuma. Lilikwisha kabisa, la kijani. Unajua liko wapi?"

Sikujua. Mara ile nilikuwa Diani, nilituma pole kwa simu, nikaendelea na zamu yangu. Nilisimama pale nimeona haya mpaka nikakosa pa kuangalia.

Nikarudi kwa bibi nikamwambia afadhali tuache. Alikuwa na kibonge cha uzi mapajani.

"Yeye aache aogope, ni haki yake," alisema. "Sisi tufume. Asiposhikilia yeye, tumshikilie sisi."

Dada alirudi ukumbini baadaye, macho mekundu. Hakuligusa blanketi. Lakini alivuta kigoda, akauchukua ule uzi uliojikunja, akaanza kuuviringa upya. Aliviringa mpaka ukaisha, akanywa chai, akaenda zake kwake.

Mtoto alizaliwa siku ya mvua ya kusi, asubuhi. Shemeji alipiga simu, nikaweka sauti ya juu ili bibi asikie. Msichana, wote wazima. Bibi alisema alhamdulillahi mara tatu, akajifuta uso kwa pembe ya mtandio, kisha akanigeukia: "Mikia umeificha yote?" Ilibaki mmoja. Niliuficha pale pale, yeye akiniangalia.

Bibi alituondokea mwaka uliofuata, mwezi mmoja kabla kitukuu wake hajaanza kutembea. Ninachokumbuka zaidi ni siku ya saba ya mtoto, tulipompeleka bibi Gazi. Tulimkalisha kitandani, tukamwegemeza mito, dada akamlaza mtoto kwenye mkono wake wa kushoto akiwa ndani ya blanketi. Ule wa kulia tuliuinua sisi, tukauweka juu ya mtoto. Bibi akamsomea dua polepole, akampulizia usoni. Haukupita muda mrefu akasinzia, na mtoto naye amesinzia. Nikataka kumchukua mtoto asije akamponyoka bibi, lakini dada yangu akanishika bega.

"Waache," akasema. "Keti."

Nikaketi.