Magogo ya Shangazi

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nikinunua nazi Kigombe na kuziuza Tanga mjini. Usiku mmoja ukaja upepo wa kutisha, bahari ikapanda hadi mashambani, na kulipokucha biashara yangu ilikuwa imelala kifudifudi. Minazi kumi na mmoja ya shangazi yangu ilianguka yote. Niliihesabu, nikarudia nikianzia upande wa pili, labda kuna mmoja uliosimama nikaupita. Wapi!

Kwetu ardhi huwa ya mtu na mnazi ukawa wa mtu mwingine. Aliyepanda ndiye mwenye mnazi, hata kama shamba ni la jirani. Shangazi alipanda kwa idhini ya mwenye shamba wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, na mwanawe aliyerithi shamba naye alikuwa keshazeeka. Mnazi ukisimama, hakuna neno. Ukianguka, je, mahali pake ni pa nani? Niliuliza kijiji kizima. Kila mtu alinijibu kwa uhakika, na hakuna majibu mawili yaliyofanana.

Akaja bwana shamba. Akasema magogo yachomwe, maana chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, huzaliana ndani ya gogo linalooza, kisha hutoboa miche michanga hadi moyoni.

"Hayachomwi," shangazi akasema. "Gogo ndilo shahidi wangu. Likishakuwa jivu, nitamwonyesha nani kwamba nilikuwa na mnazi hapa?"

Wenzake wenye minazi katika mashamba ya watu wakamuunga mkono. Basi tukawa kijiji kinachotaka minazi na kinachofuga mdudu wa kuila.

Nikajitia udalali. Nilikwenda kwa yule mzee aliyerithi shamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Napita tu."

"Tangu asubuhi unapita tu. Mwambie achome, apande. Simzuii."

Nilirudi mbio, nikidhani nimemaliza kazi.

"Hanizuii?" shangazi akang'aka. "Kwani yeye nani wa kunizuia? Aje aombe ruhusa ya kuchoma magogo yangu!"

Nikarudi kwa mzee.

"Niombe ruhusa shambani kwangu? Wewe kijana una homa?"

Mimi niliyezoea kushusha bei ya nazi mpaka mwenyewe akacheka, safari hii sikujua hata bidhaa ni ipi. Mzee anasema panda, shangazi anataka kupanda, na hakuna anayepanda.

Mvua za mwaka uliofuata zilisafisha chumvi, muhogo ukaanza kutia mizizi. Mzee naye akapanda miche yake ya minazi pembeni. Chonga wakaila. Ndipo siku moja akaja uani kwa shangazi, ameshika kuti changa lililokatwakatwa kama kwa mkasi.

"Bibi, naomba ruhusa nichome magogo yako."

"Ya nani?"

"Yako."

"Sema kwa sauti, majirani hawajasikia."

"Hawajasikia? Mpaka kule Mwera wamesikia!"

Tukachoma. Jivu lilipopoa, shangazi akaleta miche yake, akapanda wa kwanza. Mzee akasimama na bakora, akautazama.

"Umeusogeza. Wa zamani ulikuwa huku."

"Huku wapi?"

Mzee akainama, akaung'oa mche, akachimba hatua chache kando, akaupanda na kuushindilia udongo kwa mguu. Sura ya shangazi ikabadilika. Nami nikashtuka: aliyepanda ndiye mwenye mnazi!

"We mzee! Toa mkono!"

Shangazi akaung'oa, akasema bismillahi ya kusikika barabarani, akaupanda tena mwenyewe, katika shimo lile lile alilolichimba mzee. Mzee akakagua mahali, akaridhika. Shangazi akajifuta mikono, naye akaridhika. Nilikuwa katikati yao na jembe, nisijue nani kampa mwenzake nini.

"Haya," shangazi akamwambia, "na wa pili ulikuwa wapi?"

Mzee akamwonyesha kwa bakora. Mkono wa pili aliuweka mgongoni.