Toronto na Sufuria ya Uji ya Mama

Mimi niliolewa Kigwena, na nilipojifungua mtoto wa kwanza mama alitoka kwetu Rumonge na sufuria ya uji wa ulezi, ameifunga kwenye kitenge. Nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni. Kwa mama huo ndio umbali: uji ukifika wa moto, binti ameolewa karibu. Hata Bujumbura kwake ni mbali, maana siku hizi mafuta ya gari ni ya kutafuta kwa tochi, na uji ungepoa njiani, kabla gari halijapita Kabezi.

Sasa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akaposwa na kijana anayeishi Toronto. Si mgeni kwetu. Wazazi wake walitoka Kivu ya Kusini, yeye amekulia kule kule Rumonge, kisha wakahamia wote Kanada. Mdogo wangu alimpenda mpaka akakonda. Mama akakataa kutoa baraka.

"Toronto iko mbali namna gani?" aliniuliza.

Nikafungua simu nikamsomea: kilometa karibu elfu kumi na mbili, masaa kama kumi na nane angani, ukiacha yale ya kungoja Addis. Nilidhani nasaidia.

"Sikuuliza ndege mimi. Mutoto wangu akizaa, nani atamupikia?"

Mama yangu akishika jambo, mwache. Tulimbembeleza, shangazi akaja akabembeleza, wapi. Nilikasirika nikamwambia anamzeesha binti nyumbani kwa sababu ya sufuria. Akaendelea kuchambua ndagala zake, wale dagaa wa ziwani.

Siku moja kijana akapiga simu ya video mwenyewe. Hakutaja ndege wala masaa. Alisema, "Mama, nifundishe huo uji."

Jamani, mkwe akoroge uji mbele ya mama mkwe? Kwetu hata kula mbele yake anaona haya. Mama alivuta kitenge akafunika mdomo, nikajua anacheka. Akaniambia niegemeze simu kwenye mfuko wa makaa. Kijana alikuwa amepata unga wa ulezi kwenye duka la Wahindi, akaumwaga wote kwenye maji yanayochemka, ukawa mabonge matupu.

"Huyu atamuua mutoto wangu na njaa," mama alisema, lakini simu hakuikata. Akamrudisha mwanzo: unga uukoroge kwanza kwenye maji ya baridi, moto upunguze, mwiko usiuachie. Jumapili baada ya Jumapili, mpaka siku moja uji ukateleza vizuri kwenye mwiko. Mama akautazama sana.

"Murakoze, mukwe wangu," akamshukuru kwa Kirundi. "Mutoto wangu, muchukue."

Nilimpenda mama siku ile, basi tu.

Mwaka huu mdogo wangu amejifungua binti huko Toronto. Nilikuwa kwa mama simu ilipoingia. Tulimwona mkwe akikoroga bila kuuliza kitu, na mdogo wangu ameegemea mito, akapokea kikombe, akapuliza kabla ya kunywa. Mama alitazama mpaka kikombe kikaisha. Kisha mdogo wangu akamsogeza mtoto karibu. Mama akanyoosha kidole amguse shavu, akagusa kioo, simu ikakatika.

Nilitaka kupiga tena, akanizuia mkono.

"Uji umefika," alisema. "Mimi ndio sijafika."

Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniuliza pasipoti inaombewa wapi.