Dinah na Tumbusi wa Mashuuru

Dinah Leshan alijifunza ndege kwa sababu ya woga. Alikuwa msichana wa miaka minane, akichunga mbuzi za babake upande wa Mashuuru, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni nyati. Nyati akilala ndani ya kichaka hutamwona mpaka umemkanyaga. Babake, mzee Leshan, alimwambia aache kukodolea kichaka macho na asikilize ndege. Wale wadogo wanaokaa mgongoni mwa mnyama wakiruka ghafla na kupiga kelele, simama. Kwale wakinyamaza wote kwa pamoja, simama. Tumbusi wakishuka, kuna kitu kimekufa, na aliyekiua huenda bado amelala kando yake.

Shule aliachia darasa la saba. Aliolewa, akazaa binti, Resian, kisha mume akafa kwa malaria mtoto akiwa bado ananyonya. Mwaka wa 1995 akapata kazi ya kufua mashuka katika kambi ndogo ya mahema mbele ya Kisaju, ambako watalii walikuwa wakilala siku mbili tatu kutazama ndege wa mbugani kabla ya kuteremka Amboseli kuona ndovu. Asubuhi moja wageni wawili walikuwa wakibishana juu ya sauti iliyotoka kwenye migunga. Dinah alikuwa akianika shuka. Bila hata kugeuka, alitaja jina la yule ndege kwa Kimaasai, akanyoosha kidole mahali atakapokuwa. Wakaenda, wakamkuta pale pale.

Mwenye kambi akampa darubini kuukuu na kitabu cha picha. Dinah alijua kumtaja tandawala kwa Kiingereza kabla hajajua kutaja kijiko. Baada ya miaka mitatu ndiye aliyekuwa akiongoza wageni, na wanaume wa kambi nyingine walikuwa wakipita kumwuliza tai wa aina fulani amejenga wapi mwaka huo.

Kisha ukaja ukame wa mwisho wa 2005. Kufikia Januari, ng'ombe walikuwa wanaanguka kando ya barabara kuanzia Isinya, na harufu ikaingia hadi ndani ya magari. Swala na punda milia walikuwa wamehama, kwa hivyo simba wakafuata mifugo. Simel, kaka yake Dinah, alipoteza ng'ombe watatu kwa mara moja, ndani ya boma, huku akisikia. Simel alikuwa mtu wa kelele na mzaha. Baada ya siku hiyo alinyamaza. Dinah alimpelekea sukari na majani ya chai, akamkuta amekaa juu ya jiwe akitazama uzio.

"Lalashe," alimwita, yaani ndugu yangu, "umekula?"

"Simba wamekula," Simel akajibu. "Mimi nitakula baadaye."

Jibu hilo lilimkaa Dinah rohoni, lakini hakuuliza zaidi.

Wiki iliyofuata alipewa mgeni mmoja, Anneke, mwalimu mstaafu kutoka Uholanzi, mwanamke wa miaka sitini na kitu. Alikuwa na kijitabu alichoandika majina ya ndege aliotaka kuona, na juu kabisa aliandika tumbusi. Kwao hawapo, alisema, na tangu utotoni alikuwa akiwaona kwenye picha tu. Dinah akacheka, akamwambia mwaka huu hao ndio ndege pekee walionenepa.

Waliondoka Jumamosi asubuhi, dereva akiwa Wanyama, mtu wa Bungoma ambaye hakupenda kabisa kutoka nje ya gari. Waliona mbuni. Waliona ndege karani akitembea na miguu yake mirefu kama mtu anayeogopa kuchafua suruali. Lakini angani hapakuwa na kitu. Kwa ukame kama ule, kufikia saa tatu tumbusi huwa wanazunguka juu makundi kwa makundi. Dinah alitoa kichwa dirishani akatafuta, akarudia tena na tena.

Aliwaona wakiwa chini.

Walikuwa wamelala uwanjani kuzunguka mzoga wa ng'ombe, wengine wametandaza mabawa, wengine wamekunja shingo chini ya kifua. Alihesabu kumi na wanane, kisha akaona wengine zaidi chini ya mgunga. Fisi mmoja alikuwa amekufa hatua chache kutoka hapo, mdomo wazi. Dinah alishuka akatembea polepole. Kilichomtisha zaidi ni kimya. Mzoga wa siku mbili, katika jua lile, na hakukuwa na mvumo wa nzi hata mmoja. Alipoinama aliwaona: nzi walikuwa wametapakaa juu ya ngozi na kwenye majani, weusi, wamekufa wote.

Nyuma yake Anneke alikuwa amepiga magoti. Tumbusi mmoja alikuwa bado anatikisa kichwa, mate yakimtoka mdomoni, na mama yule alikuwa amenyoosha mikono yote miwili amwinue.

"Usiguse!" Dinah alipiga kelele. Hakuwa amewahi kumpigia mgeni kelele. "Mikono! Rudisha mikono! Ni sumu!"

Anneke alirudi nyuma akaketi kwenye vumbi, akaanza kulia bila sauti.

Dinah alimwangalia ng'ombe. Kwenye kidonda cha shingo kulikuwa na punje ndogo za rangi ya zambarau. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa pembe mbili, na moja kwa chini. Hiyo ilikuwa alama ya mzee Leshan. Watoto wake wote walirithi alama hiyo, na katika upande huu wa bonde aliyekuwa bado na ng'ombe kati yao ni mmoja tu, Simel.

Aliuzunguka mzoga taratibu. Hivyo ndivyo alivyoona paja la nyuma. Fisi hurarua. Paja hili lilikuwa limekatwa kwa kisu, safi, mpaka kwenye mfupa. Nyayo za ndara zilitoka hapo kuelekea migunga ya upande wa mashariki, na kando yake matone yaliyokauka.

"Enkai ai," alisema. Mungu wangu.

Huko kwenye migunga palikuwa na nyumba moja ya mabati. Humo aliishi Mutindi, mjane kutoka Makueni, aliyeajiriwa na mtu wa Nairobi kulinda shamba lake. Alikuwa na mabinti wawili, Kalunde na Evalyne. Siku mbili kabla, Dinah alikutana naye kisimani, Mutindi akamwambia kwamba sasa wanakula mara moja kwa siku, mahindi ya kuchemsha, na hata hayo yanaisha.

Wanyama aliendesha gari akikata uwanja, lakini walifika kwenye laga, mkondo mkavu wa mto wenye kingo ndefu ambao gari halingeweza kuvuka. Dinah aliruka, akashuka kwa makalio, akapanda upande wa pili akishika mizizi, akaanza kukimbia. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakuwa amekimbia tangu alipoacha kuchunga. Aliona moshi. Alitaka kuita, lakini pumzi haikutosha, na moyoni aliogopa kwamba akiita hakuna atakayeitika.

Mutindi alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga. Sufuria ilikuwa inachemka. Wasichana wawili walikuwa wamekaa juu ya gogo, kila mmoja na sahani magotini.

Dinah hakusalimia. Aliipiga sufuria teke, supu ikamwagika motoni, majivu yakaruka.

"Mama Resian!" Mutindi alisimama. "Umerukwa na akili? Hiyo ndiyo chakula ya watoto!"

"Iko na dawa," Dinah alisema, akihema. "Hiyo nyama iko na dawa. Tumbusi wamekufa wote. Nani amekula?"

Kalunde, yule mkubwa wa miaka kumi na minne, aliiweka sahani yake chini taratibu, kana kwamba ingelipuka.

"Nani amekula, Kalunde?"

"Sisi bado," msichana alisema. "Tulikuwa tunangoja iive. Lakini mama alichoma kidogo. Alisema anaonja kama imeharibika."

Dinah alimtazama Mutindi usoni. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye paji la uso. Mutindi mwenyewe alilishika kwa vidole, akaviangalia vidole vile.

"Nilidhani ni moto," alisema. Kisha mate yakaanza kumtoka, na akashika tumbo.

Walimvusha laga watu wanne: Dinah na wasichana, pamoja na Wanyama, ambaye alikuwa ametoka kwenye gari na kuja mbio bila kuitwa. Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya Anneke. Mama yule wa Kizungu hakuuliza safari yake itakuwaje. Alivua skafu akawa anampangusa Mutindi mdomo na kumgeuza ubavu kila alipotapika. Barabara ya Kajiado ilikuwa vumbi na mashimo matupu. Mikono ya Mutindi ilianza kuruka yenyewe. Evalyne alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo sana, ubeti mmoja tu, akirudia, na Dinah alitamani anyamaze na pia aliogopa wakati atakaponyamaza.

"Nani amefanya hivi?" Anneke akauliza.

"Huyo ng'ombe ni wetu," Dinah alisema.

Alijua daktari atauliza ni sumu gani. Alijua pia mtu mmoja tu angeweza kujibu, na kwamba jibu hilo lingeweza kumpeleka jela mtoto wa mama yake. Walipopanda kilima kabla ya barabara ya lami, mtandao ukashika. Alipiga.

"Simel."

"Sopa, dada."

"Ile dawa uliweka kwa ng'ombe. Inaitwaje?"

"Dawa gani? Mimi sijui hayo maneno."

"Lalashe, nisikilize. Mutindi amekula hiyo nyama. Mama Kalunde. Yuko hapa kwa gari, anakufa nikimwona. Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza inaitwaje."

Alisikia pumzi yake. Alisikia mbuzi huko nyuma. Kwa muda aliamini kaka yake atakata simu, na alijua kwamba akikata, hatamwita tena ndugu maisha yake yote. Hilo lilimwogopesha karibu sawa na yule mwanamke aliyekuwa akitetemeka nyuma yake.

"Ni ya kunyunyizia nyanya shambani," Simel alisema mwishowe, sauti imemtoka kama ya mzee. "Ya wadudu. Ngoja nichukue mkebe. Ngoja, nakusomea." Simel hakusoma shule. Alimtajia herufi moja moja kwa umbo lake: hii ni kama pembe, hii ni kama duara lenye mlango. Dinah akaandika nyuma ya kijitabu cha Anneke, chini ya orodha ya ndege, mpaka neno likatokea.

Hospitalini daktari alisoma neno lile, akamwita muuguzi kwa sauti ya juu. Sindano ya kwanza haikubadilisha kitu. Ya pili vivyo hivyo. Dinah alikaa kwenye benchi la korido na mabinti wa Mutindi mmoja kila upande, wakimshika kitenge, na kila mlango ulipofunguka alifumba macho. Saa kumi jioni daktari alitoka akasema mapigo ya moyo yamerudi sawasawa, na kwamba kama wangekuja bila lile jina, angepoteza saa nzima akibahatisha.

Simel alifika kesho yake asubuhi. Alikuwa ametembea mpaka barabarani, kisha akabebwa na lori la mchanga. Alisimama mlangoni mwa wodi na kofia mkononi, hakuweza kuingia. Mutindi ndiye aliyemwita.

"Ingia, Baba. Siumi."

Akaingia. "Nilitaka simba," alisema. "Sikufikiria mtu. Nani angekata nyama ya ng'ombe wa watu?"

"Mtu yuko na njaa," Mutindi akasema. "Mimi niliiba, wewe uliweka sumu. Mungu ametuonea huruma sisi wawili." Kisha akageukia ukuta, maana alikuwa bado mchovu, na Simel akabaki pale akilia mbele ya wanawake, jambo ambalo Dinah hakuwa amemwona akifanya hata walipomzika baba yao.

Dinah aliripoti mwenyewe kwa chifu. Simel hakumkataza. Walichimba shimo, wakateketeza mzoga, fisi na tumbusi, thelathini na mmoja kwa jumla, huku chifu na wazee wakisimama. Simel alionywa kwa maandishi, na wazee wakamwamuru ampe Mutindi mbuzi watatu wa maziwa. Alipeleka watano. Anneke hakwenda Amboseli. Siku zake mbili zilizobaki alizitumia kununua unga na maharagwe Kitengela na kuvipeleka kwa wasichana wale, na katika kijitabu chake, mbele ya neno tumbusi, hakuweka alama yoyote.

Vidole vya Mutindi vilikufa ganzi kwa miezi miwili, kisha vikarudi. Kwa miaka miwili Dinah alipita pale na wageni bila kuona tumbusi hata mmoja juu ya mgunga.

Mwaka wa 2009 ukame ulirudi, mbaya kuliko ule, na simba wakavunja boma la Simel tena, wakaacha mzoga wa ng'ombe uwanjani. Dinah alienda kwake kwa miguu. Njiani alikuwa akijiambia kwamba hatauliza, na alipofika aliuliza kabla hata ya kuketi.

"Sijaweka," Simel alisema. "Niliwaza. Lakini sijaweka."

Dinah alimwamini. Walikunywa chai, wakazungumza juu ya Resian aliyekuwa karibu kumaliza sekondari. Lakini kesho yake, kabla hajawaamsha wageni, alitoka peke yake kuuzunguka ule mzoga kwa mbali, akasimama, akatega sikio kusikia kama kuna nzi.