Khanga Mbili na Bunduki Inayolenga

Bunduki yangu ni ya risasi ndogo, ile ya komeo: kila ukipiga unalivuta nyuma na kulirudisha. Ina leseni, na kibali cha kulinda shamba ninacho. Nayasema mapema kwa sababu watu wa Kilosa wakisikia bunduki, swali la pili ni leseni, na la kwanza ni nyama iko wapi.

Nyama hakuna. Bunduki niliitaka kwa ajili ya ngedere. Shamba letu liko Kidete, karibu na mto Mkondoa, na msimu wa kabla ya huu ngedere walikula mahindi mabichi mpaka sisi wakulima tukawa wanunuzi wa unga. Mke wangu ndiye aliyeshinda shambani akiwafukuza kwa debe na mawe. Msimu huu pia akaenda yeye. Mimi nilibaki nyumbani Mabwerebwere nikiitengeneza bunduki, maana bunduki isiyolenga ni fimbo tu ya bei mbaya.

Na ilikuwa hailengi. Risasi moja kulia, nyingine juu. Kumbe mbao ya kitako ilivimba kwa unyevu wa masika, ikawa inausukuma mtutu upande. Nikampelekea seremala mmoja wa Mikumi kitako peke yake ndani ya kiroba, kwani kutembea na bunduki Mikumi, mlangoni kwa wanyama wa serikali, ni kujitafutia maelezo marefu. Akanichongea kipya cha mninga mkavu. Kumalizia nikamalizia mwenyewe: napaka mtutu masizi ya sufuria, naulaza kwenye mbao, nauinua, palipochafuka ndipo panapogusa, nakwangua. Nilirudia mpaka karatasi ikapita kati ya mtutu na mbao bila kukwama. Kisha nikafunga darubini. Kwa hatua hamsini nikawa napiga kizibo cha soda, na nikafurahi kuliko siku niliyoezeka nyumba.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, "vizibo havili mahindi."

Basi nikaenda Kidete. Ngedere waliponiona natokea njiani, wakapotea. Nilipoondoka, wakarudi. Mke wangu akiwa peke yake walikula mbele ya macho yake.

"Wewe wanakuogopa," akasema. "Mimi nikirusha jiwe wanasogea kidogo, halafu wanaendelea."

Akaniletea khanga zake mbili. Nikagoma. Mwanamume mzima, mwenye leseni. Akasema unga wa dukani nao hauulizi mwanamume ni nani. Nikajifunga moja kiunoni, nyingine nikajitanda kichwani na mabegani.

Nikakaa kwenye kigoda chake pembezoni mwa shamba, bunduki mapajani chini ya khanga, yeye akajificha kibandani. Dada mmoja mwenye ndoo akapita njiani nyuma yangu.

"Shikamoo mama."

Nikanyamaza, ngedere wasije wakasikia sauti yangu. Lakini shikamoo haiachwi hewani hivi hivi.

"Shikamoo mama," akarudia.

Nikaitikia marahaba kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka. Akaenda zake ameridhika.

Baadaye ngedere wakaja. Dume moja kubwa likakaa hatua chache kutoka miguuni pangu, likavunja hindi, likala. Lilinitazama usoni huku likitafuna. Sijawahi kudharauliwa vile na kiumbe chochote. Nikainua bunduki taratibu. Kwenye darubini niliona manyoya tu, ukungu wa kijivu, kwa kuwa niliirekebisha kwa hatua hamsini. Nikakisia, nikapiga. Risasi ikachimba udongo chini ya tumbo lake na kundi zima likapanda miti. Nilisahau kwamba darubini hukaa juu ya mtutu, na kwa karibu vile risasi hupita chini ya unapotazama.

Mke wangu akatoka mbio kibandani. Akaliangalia tundu la risasi, akanitazama. Angenicheka ningevumilia, lakini hakucheka.

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na walikuwa wanakutazama?"

"Walikuwa wananitazama."

"Mimi huu msimu wa pili nakaa hapo," akasema.

Nilishikwa na aibu, na haikuhusu khanga.

Kesho yake aliamka kabla yangu. Akavaa suruali yangu, kofia yangu na koti langu la mvua, akaweka mpini wa jembe begani. Nilimfuata kwa mbali. Alipochomoza tu pale njiani, ngedere wakatimka kuelekea mtoni, wengine hindi likiwa bado mdomoni. Akasimama katikati ya mahindi na mpini wake, akageuka kunitafuta kwa macho.

Mahindi tulivuna. Bunduki ipo kabatini, naisafisha, na kizibo bado inapiga. Koti hajanirudishia, nami sijamwomba.