Njia Aliyoivumbua Thacienne, Jina Akapewa Guylain

Saa moja na nusu asubuhi ukungu bado umelalia vilima vya Nyabiondo, na Thacienne Muhawenimana anasukuma baiskeli kupanda mlima. Mkono wa kushoto umeshika fimbo ndefu iliyofungwa kwenye usukani. Wa kulia unasukuma fimbo nyingine, iliyosimikwa nyuma ya kiti. Katikati kuna gunia la maharage la kilo themanini, na juu ya gunia jibini nne zimefungwa kwa majani ya mgomba.

Kileleni anapumzika kwa urefu wa Salamu Maria moja, si zaidi. Kisha anarusha mguu na kupanda. Breki hakuna. Anakandamiza gurudumu la nyuma kwa kandambili ya tairi kuukuu, mpira unanuka kuungua, na mama huyu wa watoto watano anatumbukia ndani ya msitu wa mianzi akipiga kelele: "Tokeni njiani! Mama anashuka!"

Njia yenyewe haizidi upana wa mkeka wa mtoto. Inapita kwenye mianzi, inavuka mito mitatu juu ya magogo, inapanda tena, na mwisho inamtoa mtu Kalembe, pale Masisi inapopakana na Walikale. Ni safari ya siku mbili. Njia hii ina jina, lakini Thacienne hapendi kulitamka. Ukitaka kujua sababu, lazima uanze na njia nyingine.

Thacienne ana miaka arobaini na mitatu. Hakuzaliwa na baiskeli. Ilikuwa ya mumewe, Sebarenzi, mpaka mwaka 2008 alipoteleza kwenye daraja la magogo na kuvunjika mguu mahali pawili. Baiskeli ikakaa jikoni miezi mitatu, kuku wakilalia kiti chake. Siku moja Thacienne akawafukuza kuku.

"Watu walicheka," anasema. "Walisema mwanamuke juu ya kinga iko sawa na mbuzi juu ya meza ya Misa." Kinga ndiyo baiskeli kwa watu wa huku. "Nikawaambia, hata mbuzi, kama watoto hawajakula, itapanda."

Gunia moja likifika Kalembe humwachia faranga elfu tisa. Wenye pikipiki hupata mara tatu yake, lakini pikipiki inataka barabara, na barabara inataka amani. Mwaka 2010 vita vikaifunga kabisa. Hapo ndipo Thacienne alipoingia msituni na panga, wiki mbili mfululizo, akifuata njia za zamani za wawindaji, akikata mianzi mpaka viganja vikatoa damu.

Njia ilipokamilika alihitaji mtu wa pili wa kuinua baiskeli kwenye magogo. Akamchagua Guylain Katembo, kijana mwenye mabega mapana na mdomo mwepesi. Wakaondoka pamoja, wote wamebeba chumvi. Wakiwa wamebakiza saa moja kufika Kalembe, tairi la Thacienne likapasuka.

Akalishona kwa waya, lakini hakuwa na pampu ya kulijaza upepo.

"Nikamwambia Guylain: 'Tangulia, kaka, uniombee pompi kule sokoni.' Miye mwenyewe, kwa kinywa yangu!" Mpaka leo akifika hapo hujipiga kofi la paja.

Waendesha baiskeli wa vilima hivi wana desturi yao. Husema njia haina baba mpaka ifike sokoni. Anayeingia wa kwanza na mzigo ndiye njia inayochukua jina lake. Na Kalembe ilikuwa imekaa siku kumi na nane bila chumvi. Guylain alipotokea, wanawake waliangusha mabeseni wakaanza kuimba. Alirudi kwa Thacienne baada ya saa mbili, jasho likimtiririka, na pampu mkononi. Njia ilikuwa tayari inaitwa Kwa Guylain.

"Niliwaambia ni Mama Thacienne njo aliivumbua," anajitetea Guylain, ambaye sasa ana miaka ishirini na tisa. "Lakini walikuwa wanaimba. Muntu anasimamisha wimbo namna gani?"

Husema hivyo akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo linalomchoma Thacienne kuliko jina lenyewe.

Kwa miaka miwili wivu ulikula naye sahani moja. Wengine walisema "tunapita Kwa Guylain", yeye alisema "kule chini". Katika Misa, wakati wa kutakiana amani, wenzake alikuwa akiwapa mkono. Guylain alipewa vidole viwili. Sebarenzi, aliyekuwa amekaa mlangoni na mguu wake uliopinda, hakuacha kumchokoza.

"Mama Emérita," alikuwa akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "leo umepita wapi? Kwa nani vile?"

"Nyamaza, Papa, ao ukajipikie."

Kisha Mungu akampa njia ya pili. Aliipata kiangazi cha mwaka uliopita, juu zaidi, fupi kwa nusu siku. Safari hii hakumwambia mtu, hata mumewe. Kwa sababu tairi lake lilikuwa na mshono wa waya ambao kila mtu aliujua kwenye matope, alipofika mdomo wa njia alishusha mzigo, akaibeba baiskeli begani hatua hamsini ili isiache alama. Na kwa sababu udongo wa juu ni mwekundu na wa Kwa Guylain ni mweusi, aliiosha baiskeli mtoni kabla ya kuingia Nyabiondo. Miezi mitano aliishi hivyo, akifika mapema kuliko wote, na ladha ya siri ilikuwa tamu mdomoni.

Mwezi wa pili wa mwaka huu watu wenye bunduki wakaweka kizuizi Kwa Guylain. Kwanza walichukua kibaba kutoka kila gunia. Halafu gunia. Halafu wakachukua baiskeli tatu, na moja ilikuwa ya Guylain.

Habari ilimkuta Thacienne akichambua maharage. Haikuwa huruma iliyotangulia. "Moyo ulicheka," anasema, na hainui macho. "Nilisema, sasa wakuite kwa jina yako tuone."

Siku tatu baadaye Guylain alikuja nyumbani kwake kwa miguu. Hakukaa. Alizunguka baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akainama, akapitisha kidole kwenye mnyororo.

"Mama, kinga yako iko safi."

"Usafi ni dhambi?"

"Hapana. Lakini sisi wote tunaingia Nyabiondo kama nguruwe. Wewe peke yako unafika kama muntu anaenda kubatizwa. Tangu lini unaosha kinga mbele ya kufika?"

Sebarenzi akaanza kucheka pale mlangoni. Thacienne akasema hana njia yoyote, aondoke. Guylain akaondoka. Waendesha baiskeli kumi na wanne walikuwa wamekaa Nyabiondo bila kazi, na katika duka la Mama Kanyere, mfanyabiashara kutoka Butembo, magunia ya chumvi yalifika darini.

Jumamosi Thacienne akaenda kuungama. Alitaja wivu, alitaja kicheko cha moyo, alitaja njia. Alisubiri apewe rozari tatu, hata tano. "Padri hakunipa rozari," anasema. "Aliniuliza tu: 'Chumvi ya Kalembe iko wapi?' Nilitoka pale nikapita kwa Mama Kanyere, nikahesabu magunia."

Jumatatu aliwakusanya wenzake kumi na wanne. Akawaambia njia ipo, na atawaonyesha kwa sharti moja.

"Hakuna muntu atanipita. Mtu akitaka kukojoa, atabaki nyuma. Na wewe Guylain utatembea nyuma kabisa. Nyuma ya wote."

"Sina hata kinga, Mama. Nitampita nani?"

"Na miguu unayo."

Hivyo walipanda, msururu mmoja, Thacienne mbele na shanga za rozari shingoni, Guylain mkiani akisukuma mzigo wa kila aliyelemewa. Hakuna aliyempita. Aliingia soko la Kalembe wa kwanza, tope jekundu mpaka magotini, na gunia la chumvi nyuma ya kiti. Watu wakasimama. Mama mmoja muuza ndizi akauliza swali ambalo Thacienne alikuwa amelisubiri zaidi ya miaka miwili: "Mumepita wapi?"

Thacienne alifungua mdomo. Pumzi ikakataa. Alikuwa ametoka kupanda kilima cha mwisho bila kusimama, na katika ule muda wa kuvuta hewa, sauti ikatoka mwisho wa msururu:

"Tumepita kwenye wivu ya Mama Thacienne! Aliificha miezi tano!"

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Kufikia jioni jina lilikuwa limeshika. Njia ya Wivu. Leo mtu akikutana na mwenzake mtoni humwuliza, "Unapita wapi?" naye hujibu, "Napita Wivu," bila kufikiri.

"Ameniibia mara mbili," anasema Thacienne. Mdomo umekaza, lakini pembeni unataka kucheka. Guylain amekwisha kupata baiskeli nyingine, ya kukodi, na hupita humo kila wiki. Safari zote zimebaki salama. Wenye bunduki wamesikia jina la njia, mlango wake hawajauona.

Ndiyo maana ubao bado uko chini ya kitanda. Ni ubao wa mvule, urefu wa mkono, ambao Emérita ameuchoma herufi kwa msumari wa moto: NJIA YA THACIENNE MUHAWENIMANA. Thacienne alipotaka kwenda kuupigilia kwenye mdomo wa njia, mumewe alimzuia.

"Unataka kuandikia bunduki barua?"

Alijua kuwa mumewe amesema kweli, na hilo nalo lilimuuma. Akaufunika kwa kitenge, na tangu siku hiyo Guylain akija kusalimia hupokelewa uani, asije akauona.

"Wote hapa tunaomba amani," anasema Thacienne akikaza kamba ya gunia kwa safari ya kesho. "Mwengine anaombea shamba, mwengine watoto yake iko kambini. Miye pia naomba vile. Lakini Mungu anajua yote, siwezi kumuficha: naomba pia siku ya kupigilia ule ubao, na Guylain awe amesimama pale anaangalia."

Ubao kama huo unatoshwa na misumari minne. Yeye amenunua kumi.