Ndege Wengi Kwenye Karatasi

Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na huku namsaidia shangazi kufundisha darasa la tatu hapa kijijini, njia ya Mlimba. Kuongea mbele za watu siwezi, sauti inakwama. Ndiyo maana nikabuni njia yangu: nasoma shairi nililotunga mwenyewe, watoto wanafumba macho, halafu wanachora walichokiona.

Siku hiyo shairi lilihusu mpunga ulioiva. Wengi walichora magunia na sahani za pilau. Msichana mmoja asiyejua kusoma hata silabi, na ambaye tangu shule ifunguliwe sikuwahi kumsikia akisema neno, alijaza karatasi nzima nukta zenye mabawa.

"Madam, huyu kachora upele!" Darasa zima likacheka.

"Ni ndege," akasema yule msichana.

Nikamuuliza, "Na wewe uko wapi hapo?"

"Mimi si ndiye ninayewaangalia?"

Nilitaka kulia. Nikajua huyu atasoma, mradi tu nimpate kila siku.

Wiki iliyofuata hakuja. Shangazi akasema, "Msimu wa ndege wala mpunga huu, wameshamhamishia shambani. Kamwombe mama yake basi, si wewe unayemtaka?"

Nikaenda na ule mchoro, nikiamini utanisemea. Njia nzima nilikuwa nakariri maneno.

Mama yake alikuwa anapika chini ya dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti cha kulindia mpunga. Nikamwamkia, nikampa karatasi. Akaitazama.

"Huyu mtoto ana macho. Ndivyo walivyo, wengi hivi hivi." Akaniangalia. "Sasa mwanangu, ndege wote hawa, nikimrudisha shule nani atawafukuza? Wewe?"

Nikasema, "Sawa, mama."

Sawa! Mpaka leo nalichukia hilo neno, na aliyelisema.

Juu ya dungu yule msichana alikuwa anagonga debe na kupiga kelele, huyo huyo asiyeongea darasani, sauti inafika mpaka mtoni. Aliponiona akanyamaza, akainama ukingoni.

"Madam, umeniletea penseli?"

Sikuwa nayo. Nikaondoka bila hata kuaga. Mchoro nilimwachia mama yake, alikuwa anapepea nao moto.